Bahasha ya Oostende

Nazungumza nawe, msikilizaji, kutoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, ambako sisi wenye Kiswahili si wachache. Kuna watu wa Bukavu na Goma, wa Lubumbashi, wa Bujumbura, na sisi tuliotoka pwani. Pita Matonge, pale Porte de Namur, Jumamosi mchana, utakisikia Kiswahili cha kila ladha.

Leo nina jambo la mume na mke. Wanandoa wakiamua kupumzika wikiendi moja, wawili tu, watoto wamebaki kwa shangazi yao, wakachagua mji wenye kasino, wanafuata nini huko? Na wakirudi Jumapili jioni, wanarudi na nini? Yashike maswali hayo mawili, maana nitayarudia.

Nianze na nyumbani kwangu. Mke wangu hufanya kazi ya zamu katika nyumba ya kulea wazee. Mimi hutoka alfajiri. Kuna wiki tunaonana mlangoni tu, mmoja anavua viatu, mwingine anavaa. Mambo ya nyumba tunaandikiana kwenye simu: umeme umelipwa, mtoto ana homa, mkate umekwisha. Najua wewe unayenisikiliza Brussels, au Antwerpen, au Liège, unaielewa ndoa ya namna hiyo. Si kwamba watu hawapendani. Hawaonani.

Basi mwaka huu, tulipotimiza mwaka wa kumi na tano wa ndoa yetu, mke wangu akasema, "Baba watoto, twende mahali. Siku mbili tu." Nikamuuliza wapi. Akasema Oostende, anataka kuona bahari. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayepima maji kwa kidole, kwamba wenzake kazini wanasema kasino ya kule ni nzuri, na yeye maisha yake yote hajawahi kuingia kasino.

Hapa nikunong'oneze historia kidogo, kwa sababu safari hii ya Brussels kwenda kwenye kasino ni ya zamani kuliko mimi na wewe. Sheria ya mwaka 1902 ilipiga marufuku kamari nchini Ubelgiji. Ilipiga marufuku kwenye karatasi. Miji ya ufukweni na miji ya maji ya madini iliachwa iendelee na kasino zake, kwa sababu wageni ndio waliokuwa riziki yake. Serikali ilikataza kwa mdomo na kuruhusu kwa kufumba macho, na hali hiyo ikaenda karibu miaka mia moja, mpaka sheria ya tarehe 7 Mei 1999 ilipoweka mambo wazi: nchi nzima kasino 9, basi. Nne ziko pwani: Middelkerke, Oostende, Blankenberge na Knokke. Nne ziko upande wa Kifaransa: Spa, Chaudfontaine, Namur na Dinant. Ya tisa ikapewa Brussels, katikati kabisa ya mji.

Umeona? Kwa vizazi kadhaa mtu wa Brussels akitaka kasino alifunga mizigo akapanda treni. Tangu karne ya kumi na nane matajiri wa Ulaya walikwenda Spa kunywa maji ya chemchemi asubuhi na kuchezea fedha zao usiku. Kasino ilifungamana na mapumziko, na hoteli, na bahari, na mke aliyevaa gauni zuri. Ndiyo maana hata leo mtu hasemi "naenda kucheza kamari." Anasema "naenda kupumzika Oostende." Ni sentensi mbili zilizo mbali, lakini treni ni ile ile.

Tukapanda treni Bruxelles-Midi Jumamosi asubuhi. Safari ni ya saa moja na robo hivi, mashamba tambarare, ng'ombe, minara ya makanisa ya Gent na Brugge, kisha harufu ya chumvi. Na ndani ya treni hiyo ndimo tulimofanya jambo ambalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Mke wangu alitoa bahasha kwenye mkoba. Akahesabu euro 60 mbele yangu, akaziweka ndani, akaandika kwa kalamu: kasino. Akasema, "Hizi ni za mchezo. Zikiisha zimeisha. Zikizaa tunatoka nazo. Kadi za benki zinalala hotelini. Tumekubaliana?" Nikasema tumekubaliana.

Sikumwambia kwamba katika mfuko wa ndani wa koti nilikuwa na euro 200 nyingine.

Nitarudi kwenye koti hilo. Kwanza tutembee kidogo, maana nisingependa udhani Oostende ni kasino peke yake. Kuna wasikilizaji wangu ambao dini yao ilikwisha kusema neno lake kuhusu kamari. Waislamu mnajua ni haramu, na Wakristo wengi mmefundishwa hivyo hivyo. Sitawashawishi muende kinyume. Lakini mji huu una bahari, una nyumba ya mchoraji James Ensor na duka lake la makombe, una kamba wadogo wa kijivu wanaouzwa kandokando ya bandari, na una tramu ya pwani, ile ya kilomita 67 kutoka De Panne hadi Knokke. Reli hiyo moja inapita kwenye miji yote minne ya pwani yenye kasino. Mtu anaweza kuipanda siku nzima, akashuka kila mji kuangalia bahari, asiingie ukumbi hata mmoja.

Na kwa ndugu zangu Wakongo, kuna kitu kingine pale. Ukitembea ufukweni kuelekea magharibi unafika kwenye baraza refu lenye nguzo, lililojengwa kati ya mwaka 1902 na 1906 kwa agizo la Mfalme Leopold wa Pili, ili wakubwa watembee bila kunyeshewa. Leopold aliipenda sana Oostende, na fedha alizozichuma kutoka Kongo, kwa mpira na kwa damu, zilimwagwa kwenye majengo ya aina hii. Sanamu yake iko papo hapo, amepanda farasi, imesimama tangu 1931, na chini yake wamechongwa Wakongo wanaomshukuru. Mmoja wa Wakongo hao hana mkono. Mwaka 2004 kulikuwa na watu wa Oostende waliouona uongo wa shukrani hiyo wakaukata mkono wake kwa msumeno, kukumbusha mikono iliyokatwa ya watu wenye nyama na mifupa. Mke wangu ana asili ya Uvira kwa mama yake. Alisimama pale muda mrefu. Upepo ulikuwa unavuma, mtandio unampiga usoni, hakuuondoa. Nilidhani wikiendi imeharibika. Akanishika mkono akasema, "Nimefurahi nimeiona nikiwa na wewe."

Msikilizaji, nakuuliza tena: wawili hawa walifuata nini? Mpaka hapo hatujatoa hata senti moja kwa kasino, na tulikuwa tumezungumza kuliko miezi mitatu yote iliyopita tukiijumlisha.

Jioni tukaenda. Jengo linaitwa Kursaal, linatazama bahari. Lile la zamani Wajerumani walilibomoa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia walipokuwa wakijenga ngome zao pwani, na hili la sasa, la msanifu Léon Stynen, likafunguliwa mwaka 1953. Humo pia kuna ukumbi mkubwa wa muziki, na sanamu ya Marvin Gaye akiwa kwenye piano. Ndiyo, Marvin Gaye yule wa Marekani. Alifika Oostende Februari 1981 akiwa amezongwa na madeni ya kodi na dawa za kulevya, akapokewa na promota mmoja wa hapo, Freddy Cousaert, akawa anakimbia mchangani, anakula chakula cha nyumbani, analala. Akiwa Ubelgiji akautunga wimbo uliomletea tuzo za Grammy mwaka 1983. Nalitaja hili kwa sababu wengi huuogopa mji wenye kasino kana kwamba uovu uko hewani. Huyu alifika katika mji wa kasino akiwa amevunjika, akapata nafuu. Hewa haina kosa.

Mlangoni tuliombwa vitambulisho. Wote wawili. Hata kama nywele zako ni nyeupe kama pamba utaombwa, kwa sababu sheria ya Ubelgiji inataka kila anayeingia kasino aandikishwe, na jina lake lipitishwe kwenye orodha ya waliozuiwa. Kumbuka neno hilo, orodha. Nitalifungua baadaye.

Ndani, tulisimama kwenye meza ya ruleti. Kwa asiyeijua, ni gurudumu lenye vyumba 37, kuanzia sufuri hadi 36, na kipira cheupe kinachozunguka. Nusu ya namba ni nyekundu, nusu nyeusi, na sufuri ni ya kijani. Nataka uuelewe vizuri mchezo huu, kwa hiyo fuatana nami polepole. Chukua euro moja uiweke kwenye kila chumba. Vyote 37. Umetoa euro 37. Kipira lazima kisimame mahali, kwa hiyo hakika umeshinda! Meza inakulipa euro 35, na ile moja yako iliyokaa kwenye namba iliyoshinda unarudishiwa. Hesabu. Unazo 36. Moja imekwenda wapi? Hakuna aliyekuibia. Gurudumu halikudanganya. Hiyo moja ndiyo ada ya kukaa pale, kama vile dalali anavyochukua chake muuzaji akifurahi au akinuna. Ukilipa mara moja huisikii. Ukikaa usiku mzima, unailipa, unailipa, unailipa.

Kwa hiyo bahati yako ya saa moja inaweza kuwa nzuri. Nakubali, watu hushinda, na sisi tulishinda. Mke wangu aliweka kwenye nyeusi, ikaja nyeusi. Akaweka tena, ikaja. Bahasha ya 60 ikawa zaidi ya mia. Alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tuhamie Ulaya. Lakini meza haina haraka. Meza haijali nani ameshinda sasa. Inachotaka ni kitu kimoja tu: usiondoke. Kumbi nyingi za kasino duniani hazina saa ukutani wala dirisha la kukuonyesha kama kumekucha, na sababu yake ni hiyo hiyo. Kinachouzwa humo ni muda.

Tukaanza kupoteza. Nyekundu ikaja mara tano mfululizo, na mimi moyoni nikawa nasema sasa ni zamu ya nyeusi, haiwezekani, lazima ije. Umewahi kujisikia hivyo? Kwenye mkeka wa mpira, kwenye karata, popote? Sikiliza: kipira hakina kumbukumbu. Hakijui kilisimama wapi dakika mbili zilizopita. Anayekumbuka ni wewe, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayokukamata shingo. Ikaja nyekundu ya sita. Bahasha ikawa tupu.

Mke wangu akaikunja, akaitia mkobani, akasema haya twende tukale. Kwake ilikuwa imekwisha, kama filamu inavyokwisha. Mimi mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nakueleza jambo hili kama lilivyokuwa. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika zile noti. Nilikuwa natafuta sentensi: mama watoto, tangulia, mimi naenda msalani, nitakukuta nje. Sentensi nzuri kabisa. Ndogo. Ningerudisha zile 60 halafu niondoke, ndivyo nilivyojiambia.

Akaniuliza, "Unataka kurudisha nini?"

Sijui aliona nini usoni mwangu. Miaka kumi na tano ni mingi. Nilitoa mkono mfukoni, tukatoka, na pale nje kwenye upepo, taa za meli zikiwaka mbali, nilimwonyesha zile euro 200. Nilitegemea ugomvi. Alinyamaza, kisha akasema, "Ungeniambia kwenye treni, tungekula chakula kizuri zaidi mchana." Baadaye sana, tukiwa tayari kitandani, akasema gizani: "Si hela, baba. Ni kwamba nilihesabu mbele yako, na wewe ukanitazama nikihesabu."

Hilo ndilo lililoniuma, na ndilo ninalotaka ulisikie. Ile ada ya meza, euro moja katika kila 37, inajulikana, inahesabika, unaweza kuipangia. Fedha iliyofichwa haihesabiki. Ukiwa na fedha ambayo mwenzako haijui, hakuna kikomo, kwa sababu kikomo kinahitaji mashahidi wawili. Sisi Waafrika wa Ulaya tuna uzoefu mbaya wa jambo hili. Mume anatuma hela kwao kwa siri, mke anatuma kwao kwa siri, kila mmoja ana sababu nzuri na kila mmoja ana risiti aliyoichana. Kamari inaikuta nyumba ya namna hiyo tayari ina milango ya nyuma. Haihitaji kuvunja chochote.

Sasa ile orodha. Hapa Ubelgiji kuna chombo cha serikali kinachoitwa Tume ya Michezo ya Kubahatisha, na Tume hiyo inatunza orodha ya watu wasioruhusiwa kuingia kasino. Orodha hiyo inafahamika kwa kifupi kama EPIS. Kisheria wamo mahakimu, wathibitishaji wa hati na askari polisi wasio kazini. Wamo watu ambao madeni yao yanasimamiwa na mahakama. Na wamo watu walioomba wenyewe. Narudia, walioomba wenyewe: mtu anaandika kwa Tume, nizuieni, na mlango unafungwa nchi nzima, kasino, kumbi za mashine, na michezo ya mtandaoni yenye leseni. Baadaye maduka ya kubeti nayo yakaingizwa.

Lakini kuna mlango mwingine ambao watu wetu wengi hawaujui, na nataka uujue leo. Mtu wa karibu naye anaweza kuomba. Mke anaweza kuandika kuhusu mume, mume kuhusu mke, mzazi kuhusu mtoto mtu mzima, akieleza kwamba mtu wake amezama kwenye kamari. Tume humpa mhusika nafasi ya kujieleza kabla ya kuamua, kwa hiyo si njia ya kumkomoa mtu mliyegombana naye jana. Ni njia ya mtu aliyekwisha kusema, akalia, akaita wazee, akashindwa.

Nchi hii imeendelea kukaza. Tangu tarehe 1 Julai 2023 matangazo ya kamari yamepigwa marufuku karibu kila mahali, redioni na televisheni na mabango ya barabarani. Tangu tarehe 1 Septemba 2024 hata kubeti kunataka miaka 21, kama ilivyokuwa kwa kasino. Nikipiga simu nyumbani Afrika Mashariki nasikia mambo tofauti. Kijana wa miaka 18 ana kasino mfukoni, ndani ya simu ile ile yenye pesa zake, na kile kindege cha mchezo wa kamari wa Aviator kinapaa saa nane usiku wazazi wamelala. Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025. Siku 30 ni chache mno. Kasino ya Oostende angalau ina mlango, na mlangoni kuna mtu anayekuuliza wewe ni nani. Ya kwenye simu haikuulizi kama umeoa, kama ada ya mtoto imelipwa, kama mwenzako analala au analia. Naona hii ya simu ni hatari mara nyingi zaidi, na nalisema hilo bila kusita.

Nilikuuliza wanandoa wanarudi na nini Jumapili jioni. Sisi tulirudi na bahasha tupu iliyoandikwa kasino, mke wangu ameibandika kwenye friji kwa sumaku yenye picha ya bahari. Zile 200 tulikula nazo kamba mchana wa Jumapili, na zilizobaki zikaenda Uvira kwa mama mkwe. Safari hii tulizituma wawili, jina langu na lake kwenye ujumbe mmoja.

Basi wewe unayepanga kwenda Oostende, au Spa, au Knokke, au Mombasa, au popote penye kasino, nakuomba: kabla treni haijaondoka, mifuko yote ifunguliwe, ya koti na ya mkoba. Kama hamwezi kuhesabu pamoja kwenye treni, msiingie pamoja ukumbini. Na wewe mwenye mume au mke ambaye sasa hivi, wakati mimi nazungumza, yuko chumba kingine na simu imemmulika uso, usingoje mshahara mwingine upotee. Zungumza naye usiku huu. Akikataa, na mko Ubelgiji, iandikie Tume. Una haki hiyo.